Siku Arobaini na Moja Bila Kuguswa

Kabula, mlinzi wa mlango wa Karakana ya Vipooza, alirudi kazini kutoka arobaini ya uzazi siku ile ile ubao ulipotimiza arobaini na moja. Alifuta namba ya jana kwa kitambaa kibichi, akaandika ya leo, kisha akasogea nyuma hatua mbili kuangalia kama moja imesimama wima. Ubao ulitundikwa mahali ambapo hakuna aingiaye asiuone: PROGRAMU HAIJAGUSWA KWA SIKU, kisha nafasi, kisha chaki.

"Nilikuwa nawapigia simu kila asubuhi kuhakikisha wameandika," alimwambia Tumsifu. "Mume wangu ananiambia, wewe umezaa mtoto au umezaa namba? Zimebaki tisa tu, dada. Hamsini ikifika, Mama Kokugonza ameahidi mbuzi. Kichwa ni changu, nimeshawaambia."

Tumsifu alicheka. Alikuwa fundi mdogo kuliko wote karakanani, mwaka wake wa kwanza tangu atoke chuoni, na bado alikuwa akiwahi kazini bila kulazimishwa. Ubao huo ulikuwa hapo kabla yake. Miaka mitatu nyuma, fundi mmoja alibadilisha mstari mmoja wa programu inayoendesha vipooza, na watu wa mtaa wa mashariki wakakosa baridi kwa dakika arobaini, saa saba mchana, nje nyuzi hamsini na moja. Walizika siku nne mfululizo. Tangu hapo karakana ilikuwa na kiapo kimoja: kama programu inafanya kazi, usiiguse. Mji mzima wa Chenene ulijua habari za ubao ule, na watu waliuliza namba yake sokoni kama wanavyouliza hali ya mgonjwa.

"Nimpakate kidogo," alisema Tumsifu.

Kabula alimshusha mtoto mgongoni. Aliitwa Masanja. Tumsifu alipomweka kifuani alihisi joto likipenya blauzi, na bado ilikuwa saa mbili kasoro.

"Anachemka huyu."

"Zahanati wamesema homa. Bibi yangu anasema ni mwili wa baba yake. Yule naye ukilala karibu yake ni kama umelala na chungu."

Chini ya mfupa wa bega la mtoto, kipooza kilikuwa kimetuna chini ya ngozi kama punje ya haragwe. Kila mtu Chenene alikuwa nacho. Ndicho kilichopooza damu na kumwezesha mtu kuvuka mchana. Kikiwa kizima huunguruma taratibu, na taa yake ndogo huonekana kijani kupitia ngozi. Cha Masanja kilitetemeka, kikanyamaza, kikatetemeka tena. Taa yake ilikuwa ya manjano.

"Kiliwekwa lini?"

"Alipofikisha wiki. Leo ni siku ya thelathini na tatu."

Manjano ilimaanisha akiba. Kila kipooza kipya huja na akiba ya siku thelathini na tano, ili mtoto asife wakati jina lake linasubiri kuingizwa kwenye jedwali la Baraza la mji, orodha ya wenye haki ya baridi. Kwa kawaida jina huingia siku ya pili.

"Kabula, fomu ulipeleka?"

"Kwa mkono wangu, nikiwa bado na maumivu ya uzazi, kwenye foleni. Nikaona ikigongwa muhuri." Kabula alimtazama usoni. "Kwani vipi?"

"Hapana," alisema Tumsifu, akamrudishia mtoto. "Ngoja niangalie kitu."

* * *

Tumsifu hakukaa hata kwenye kiti. Aliinama juu ya kibodi, akafungua jedwali la Baraza, akaandika jina la mtoto. Lilikuwepo. Masanja, wiki moja, stahiki kamili, limepokelewa siku ya nane. Hapo mtu mwingine angefunga skrini na kwenda kunywa chai. Yeye alifungua jedwali la pili.

Maana majedwali yalikuwa mawili, ingawa kila mtu alizungumza kana kwamba ni moja. Makarani wa Baraza waliweka jedwali lao kila jioni katika saraka ya chanzo, mahali mafundi wanapohifadhi vitu ambavyo programu hutengenezwa navyo. Lakini programu haikusoma huko. Ilisoma nakala iliyolala kando yake, katika saraka ya ujenzi, mahali ilipojengwa na inapoishi. Kunakili kutoka saraka moja kwenda nyingine ilikuwa hatua ya mwisho ya kujenga: programu ikishajengwa upya, mashine huibebea vitu vyake, majedwali, sauti na alama, na kuviweka karibu nayo.

Na kama hakuna kilichobadilika ndani ya programu, mashine husema hakuna la kujenga. Haijengi, na haibebi.

Tumsifu alisoma tarehe ya nakala mara tatu. Ilikuwa ya siku arobaini na moja zilizopita. Jedwali la Baraza lilifika kila jioni, likagongwa muhuri, likaandikiwa "limepokelewa," likakaa pale pale. Programu ilikuwa ikiongoza mji wa leo kwa majina ya mwezi uliopita, na wao walikuwa wakiandika namba mlangoni na kungoja mbuzi.

Aliiagiza mashine ilinganishe majedwali mawili. Waliokuwa katika jipya bila kuwa katika la zamani walikuwa hamsini na saba, wote watoto wachanga. Watatu wa kwanza walikuwa na mstari chini ya majina yao: wamefariki, homa, siku ya thelathini na sita, ya thelathini na nane, ya arobaini. Jana. Wa nne aliitwa Nasikiwa, wa mtaa wa Kisimani. Akiba yake ilikuwa inakwisha leo saa kumi jioni.

Tayari mkono wake ulikuwa kwenye kibodi kunakili. Kisha skrini ikamalizia upande wa pili, waliokuwa katika la zamani bila kuwa katika jipya. Mia mbili na kumi na wawili.

Aliwajua ni akina nani kabla ya kusoma. Mitambo ya baridi ya Chenene ilitosha watu wa idadi maalumu tu, na Baraza liliamua zamani kwamba stahiki ya mtu hukoma anapotimiza miaka sabini. Watu huja kumuaga, wanakula, wanasali, na alfajiri kipooza kinanyamaza. Lakini kwa zaidi ya mwezi sasa havikunyamaza. Mjini walikuwa wakinong'ona kwamba Baraza limesamehe kimyakimya. Hakuna aliyeuliza, maana swali linaweza kumfikia mtu mwenye kazi ya kujibu.

Ukurasa wa nne, mstari wa kumi: Kallaghe, mpiga plasta, miaka sabini, stahiki imekoma siku ya ishirini na mbili.

Baba yake aliagwa vizuri. Ndugu walikuja mpaka kutoka Suji, wakala pilau, shangazi yake akalia mpaka sauti ikakauka. Alfajiri mzee akaamka na kuuliza chai iko wapi. Waombolezaji waliokuwa wamelala sebuleni walikunja mikeka kwa aibu na kubeba sufuria zao. Tangu siku hiyo watani walimwita Marehemu. "Marehemu, hujambo?" Naye huitikia, "Huku niliko sijambo."

Tumsifu alitaka kuitazama tarehe tena, labda ataisoma vingine. Badala yake macho yakaangukia mstari mdogo chini ya skrini, ambapo mashine huandika nani alilinganisha majedwali mara ya mwisho kabla yake. Alitegemea kukuta hakuna.

Siku ya kumi na mbili. Kokugonza.

* * *

Bi Kokugonza, mkuu wa karakana, alikuwa akitafuna buni ofisini kwake, mlango wazi. Aliutazama uso wa binti, akaliweka chini kopo la buni.

"Umeona," alisema.

"Mama, ulijua."

"Kaa."

"Sikai."

"Basi simama. Mume wangu aliagwa siku ya kumi. Ya kumi na moja akaamka. Ya kumi na mbili nikaja kuangalia kwa nini. Wewe ulidhani msamaha, mimi nimeitengeneza hiyo mashine, najua haina moyo." Alizungumza polepole, kama anayemfundisha mtu kazi. "Nikapiga hesabu. Watoto wana akiba ya siku thelathini na tano. Nikasema nitajenga upya siku ya thelathini na nne, hakuna mtoto atakayeguswa, nami nitakuwa nimekaa naye siku ishirini na nne. Nani angedhurika?"

"Na siku ya thelathini na nne?"

"Nilikuja. Nikakaa pale unapokaa wewe. Asubuhi hiyo alikuwa ameniambia nikirudi nimletee ndizi za kuchoma." Aliokota buni moja, akairudisha koponi. "Nikanunua ndizi, nikaenda nyumbani."

"Watoto watatu, Mama."

"Najua ni wangapi. Nimeenda kuzika wote watatu. Wewe umeenda wapi?"

Tumsifu alisema, "Tuwaingize watoto peke yao. Tuchukue jedwali jipya, tuyaache majina ya wazee."

"Lina muhuri. Badilisha nukta moja, programu italikataa lote, na mji mzima utakosa baridi ikifika saa kamili. Unataka yale ya mashariki tena?"

"Basi tuliombe Baraza."

"Litakaa wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Na likikaa, jambo la kwanza litakalouliza ni hao mia mbili na kumi na wawili wanapumua kwa ruhusa ya nani." Bi Kokugonza aliegemea kiti. "Baba yako yumo. Ukurasa wa nne. Nilimwona kabla yako, na nikafurahi kwa ajili yako. Ndiyo, nilifurahi. Sasa piga hesabu yako ya chuo. Watoto waliobaki ni hamsini na wanne. Wazee ni mia mbili na kumi na wawili. Wanaoshinda ni nani?"

"Siyo hesabu."

"Ni nini?"

Chuoni kulikuwa na somo zima la maadili ya uhandisi, saa mbili kila Jumatano, na Tumsifu alifaulu vizuri sana. Walijadili madaraja yanayoanguka. Hakuna siku waliyojadili baba anayekuita mama asubuhi anapokuomba umpe mwiko wa plasta.

"Mtoto wa Kabula amebakiza siku mbili," alisema hatimaye. "Yuko pale mlangoni. Kabula ndiye anayeandika namba yetu."

Kupitia mlango walimsikia Kabula akimwimbia mtoto, wimbo usio na maneno, na katikati yake akimkaripia mchukuzi wa mizigo asiukanyage mkeka.

"Sikuzuii," alisema Bi Kokugonza. "Wala sikusaidii. Aliyeona ndiye anayebonyeza, nami nilishaona nikashindwa. Ukitaka funga macho, tuseme hatujui mpaka hamsini. Utakula mbuzi." Alitazama saa ya ukutani. "Vipooza vinasoma jedwali kila saa kamili. Sasa ni tatu kasorobo."

Tumsifu alirudi kwenye skrini yake. Alikaa. Alifikiria kumpigia baba yake kwanza, akajua kwamba akisikia sauti yake atanunua ndizi naye.

Akabonyeza. Faili lilinakiliwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mashine ilionyesha tarehe mpya, na programu ikaisoma bila kulalamika.

Lakini hakuinuka. Kwa kuwa alikuwa fundi, na kwa kuwa watoto watatu walikufa kwa kanuni iliyoandikwa vibaya, aliifungua kanuni yenyewe na kuiandika upya. Kunakili kusingoje tena ujenzi. Kila asubuhi saa kumi na mbili, programu iwe imeguswa au haijaguswa, mashine italinganisha majedwali mawili. La ndani likiwa limepitwa na wakati, litabadilishwa. Ilikuwa mistari sita. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alilijua hilo huku machozi yakimdondoka kwenye kibodi.

Bi Kokugonza alikuja kusimama nyuma yake, akasoma mistari yote mpaka mwisho.

"Hongera," alisema. "Umeifanya kuwa tiifu. Kuanzia leo Chenene hakuna atakayesahauliwa."

Kisha akachukua mkoba wake kwenda nyumbani, ili afike kabla ya mchana.

Saa ikagonga tatu. Mlangoni wimbo ulikatika.

"Dada Tumsifu," Kabula aliita. "Njoo uone. Imekuwa kijani." Tumsifu alipopita, Kabula alikuwa ameweka shavu lake kwenye kifua cha mtoto. Alitabasamu, kisha akaona taa nyekundu juu ya mlango, ile inayowaka programu ikisomeshwa upya, na tabasamu likamtoka. "Mmeigusa? Nani ameigusa? Tisa zilikuwa zimebaki."

"Mimi."

"Na wewe bwana," alisema Kabula kwa uchungu wa kweli. Akaloweka kitambaa, akafuta arobaini na moja, akaandika sifuri.

* * *

Mzee Kallaghe alikuwa uani, akipiga plasta ukuta wa jiko. Aliuanza siku tatu baada ya kuagwa, kwa sababu alishagawa nguo zake zote na hakuwa na pa kwenda. Alipomwona binti yake saa tatu na nusu, siku ya kazi, hakusalimia. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye kipaji cha uso, jasho kubwa la matone, na alikuwa amelipangusa kwa mkono wenye udongo.

"Kimenyamaza," alisema, akigusa bega. "Nikadhani sikio langu."

"Baba."

"Nilijua kuna mtu amesahau. Baraza halisamehe, nimelijengea ofisi, nawajua. Nikasema tu, huyo aliyesahau Mungu ampe usingizi." Alicheka kidogo. "Nani amekumbuka?"

Angeweza kusema mashine. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Mimi, Baba."

Mwiko ulisimama ukutani.

"Leo?"

"Leo. Saa tatu."

"Si ungengoja kesho," alisema. Hakuwa amekasirika, alisema kama mtoto anayenyang'anywa kitu alichokuwa bado anakitumia. "Kesho ningekuwa nimemaliza kona hii. Siku moja tu, mama. Siku moja ingekugharimu nini?"

"Kuna mtoto. Akiba yake ilikuwa inaisha leo saa kumi."

"Wa nani?"

"Simjui. Wa Kisimani."

"Humjui," mzee alirudia. Alilitazama neno hilo kama anavyotazama tofali lenye ufa, akitafuta litakaa upande gani. Tumsifu alichota maji, akaloweka khanga, akataka kumwekea shingoni. Mzee aliusukuma mkono wake. Akausukuma tena, kwa nguvu zaidi, na maji yakamwagika kwenye mchanganyiko.

"Angalia sasa umeniharibia udongo."

Mzee aliendelea kupiga plasta. Jua lilivuka paa la jirani, likashuka ukutani kutoka juu, shubiri baada ya shubiri, likikausha plasta aliyoiweka kabla hajailainisha. Saa nne mikono yake ilianza kutetemeka. Saa nne na nusu alikaa chini kwenye kivuli cha ndoo, ambacho hakikumtosha, akamnyooshea mwiko bila kumtazama.

"Changanya mwingine. Usizidishe mchanga. Mama yako alikuwa anazidisha mchanga."

Tumsifu alichanganya. Alipiga plasta na baba yake akamwongoza: juu, nyepesi, usibonyeze. Mara akamwita kwa jina la mama yake. Mara akasema kuna baridi. Khanga safari hii hakuikataa. Kabla ya saa sita alinyamaza, na kona ilikuwa imebaki eneo la mkeka mmoja.

Hakuna aliyekuja na pilau. Alikuwa ameshaagwa.

* * *

Siku ya nne Tumsifu alirudi kazini. Kulikuwa na plasta chini ya kucha zake iliyogoma kutoka. Kona aliimalizia mwenyewe, na ilikuwa imepinda.

Saa kumi na mbili ilikuwa bado haijagonga. Kabula alimwona, akaacha chaki, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, dada. Pole sana. Wanasema mtaani ni joto limewachukua wazee wote kwa mkupuo. Na mume wa Mama naye." Akashusha sauti. "Masanja ananyonya sasa, usiku kucha. Nilikusema vibaya siku ile kwa ajili ya namba. Nisamehe."

"Hukukosea."

"Ila nina ombi. Nimeona niseme na wewe kwanza kabla ya Mama." Kabula alitazama huku na huku. "Yule bibi yangu aliyenilea arobaini, aliyekuwa ananikanda. Mwezi ujao anatimiza sabini. Wanasema ile mara mlisahau, watu wakaishi zaidi ya mwezi. Simtakii mtu kazi kubwa. Nasema tu, yeye peke yake, kidogo. Mnaweza kumsahau?"

Ndani, saa iligonga kumi na mbili. Mashine ikaamka yenyewe, ikalinganisha majedwali, ikanakili. Watatu waliingia. Wawili walitoka. Kabula alikuwa bado ameishika mikono ya Tumsifu, akisubiri.